Mstari Hafifu Nao Ni Mstari

Barua ya wazi kwa Ofisi ya Afya ya Wilaya ya Nchelenge, na kwa wahudumu wa afya wa jamii, wenye maduka ya dawa na banachimbusa, kina mama wafundaji, wa pwani ya Ziwa Mweru

Waheshimiwa,



Wilaya zilizozoea kusoma mistari midogo ya vipimo kama Nchelenge ni chache. Malaria ya hapa haisubiri msimu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018, watoto 9 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Zambia walikutwa na vimelea vya malaria. Katika mkoa wa Luapula walikuwa 30. Ndiyo maana mtoto akichemka mwili, awe Kashikishi mjini au kisiwani Kilwa, jambo la kwanza ni kutobolewa kidole. Tone moja la damu, matone machache ya dawa, robo saa ya kungoja, kisha mhudumu anakiinua kile kipande cha plastiki kwenye mwanga. Mstari wa T, ule wa jibu, ukionekana, hata uwe umepauka kiasi cha kukunja macho, jibu ni kwamba malaria ipo na mtoto anapewa dawa. Hakuna mhudumu aliyefunzwa vizuri atakayemwambia mama, "Mstari wenyewe hafifu, rudi wiki ijayo tuone kama umekolea."

Lakini mama huyo huyo akikosa siku zake, akanunua kipimo cha mimba na kuona mstari wa pili uliofifia, huachwa peke yake na wasiwasi wake. Shoga yake atamwambia hiyo si mimba, ni alama tu ya karatasi. Muuza duka atamwambia mimba ni ya siku mbili. Mama mkwe atasema mtoto hana nguvu. Wapo wanaonunua kipimo cha pili na cha tatu, kila asubuhi kimoja, wakavipanga dirishani na kulinganisha wekundu, na hela ya unga ikaishia humo. Barua hii inaomba kwamba ule ujuzi wa kusoma mstari ambao Nchelenge imeujenga kwa ajili ya malaria utumike pia kwa mimba, waziwazi, na kwa lugha za watu wa hapa, yaani Kibemba na Kiswahili.

Vipimo hivi viwili vimetengenezwa kwa ufundi mmoja. Ndani ya kila kimoja kuna kingamwili, protini zilizoandaliwa maabara ili zishike kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote vipite. Kwenye malaria zinashika protini ya kimelea. Kwenye mimba zinashika hCG, homoni inayoanza kutolewa na chembe zitakazokuwa kondo la nyuma mara tu mimba inapojishikiza kwenye ukuta wa kizazi, mara nyingi kati ya siku ya nane na ya kumi baada ya yai kutoka.

Mtu akikitazama kijiti kikifanya kazi, anaona kila kitu. Ncha inachovywa mkojoni bila kuvuka alama ya mshale. Sekunde chache baadaye wimbi la rangi ya waridi linaanza kupanda kwenye utando mweupe, polepole, ukingo wake wa mbele ukiwa umekoza kuliko nyuma. Rangi ile ni chembe za dhahabu, dhahabu halisi, ndogo mno kiasi kwamba zimegeuka kuwa nyekundu machoni, na kila chembe imebandikwa kingamwili. Kama hCG imo, inadakwa upande mmoja na kingamwili yenye dhahabu, na upande wa pili na kingamwili nyingine iliyopakwa kwenye mstari wa T. Dhahabu inakwama hapo na mstari unatokea. Iliyobaki inaendelea hadi C. Kazi ya mstari wa C ni kuthibitisha kwamba mkojo umepita na kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, kipimo kimeharibika na jibu lolote lililoonekana kwenye T halihesabiki.

Kwa hiyo mstari wa T wenye rangi, uliotokea ndani ya muda wake, una maana kwamba homoni imo mkojoni. Kwa mwanamke ambaye hajajifungua wala kuharibikiwa na mimba katika wiki za karibuni, maana ya homoni hiyo karibu kila mara ni mimba. Vidonge vya kupanga uzazi haviileti. Dawa za malaria haziileti, wala antibiotiki.

Kabla ya vijiti hivi, jibu la mimba lilitolewa na chura, na chura mwenyewe alikuwa Mwafrika. Lancelot Hogben, mwanabiolojia Mwingereza aliyefundisha Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1920, aligundua kwamba chura wa kusini mwa Afrika aitwaye Xenopus hutaga mayai akidungwa homoni ya aina hii. Kwa miaka mingi baadaye maabara za Ulaya na Marekani ziliagiza vyura hao kwa maelfu. Mkojo wa mwanamke ulitayarishwa, chura akadungwa, na kwa kawaida siku hiyo hiyo au kesho yake mtaalamu alitazama majini. Kukiwa na mayai, mimba ipo. Mwaka 1967 Margaret Crane, msanifu kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey, aliona vipimo vya maabara vikiwa vimepangwa mstari na akafikiri kwamba mwanamke angeweza kufanya jambo hilo mwenyewe nyumbani. Alipingwa, kwa hoja kwamba wanawake hawataweza kuyabeba majibu bila daktari. Hoja hiyo ilikuwa ya dharau mwaka 1967 na ni ya dharau leo. Wanawake wanaweza, mradi waelezwe wanachokitazama.

Wekundu wa mstari, basi, unatoka wapi? Wachukuliwe wanawake wawili wa Kashikishi, wote wakiwa na mimba ya umri ule ule kwa siku. Wa kwanza anapima alfajiri, kwa mkojo uliokaa kibofuni usiku kucha. Homoni imejikusanya, na mstari unatokea mwekundu. Wa pili ameamkia ziwani kungojea mitumbwi ili anunue samaki wadogo wa chisense wa kuanika, amepigwa na jua, amekunywa maji mengi kama inavyotakiwa kwenye joto la Oktoba, na amepima saa nane mchana. Mkojo wake ni maji matupu kwa kuutazama. Mstari wake unapauka. Wakikutana na kulinganisha vijiti, wa pili ataondoka akidhani mtoto wake ana kasoro, ilhali tofauti yao ni maji ya kunywa.

Na huo ni mfano wa sababu moja tu. Vipimo vingi vya bei nafuu vimetengenezwa viione hCG inapofika yuniti 25 katika lita moja ya mkojo, na vipo vinavyoiona mapema zaidi. Kiasi cha dhahabu na kingamwili hutofautiana baina ya viwanda, na hata baina ya pakiti za kiwanda kimoja. Kijiti kilichokaa kwenye duka la mabati lenye joto kuliko kiwango kilichoandikwa pakitini, ambacho mara nyingi ni nyuzi 30, kinaweza kudhoofika. Na siku ya kwanza ya kukosa hedhi, kiasi cha homoni kati ya mwanamke mmoja na mwingine mwenye afya njema kinaweza kupishana kwa kiasi kikubwa sana, kwa sababu yai la mmoja lilitoka mapema na la mwingine likachelewa, au mimba ya mmoja ilijishikiza siku mbili baada ya ya mwenzake. Hayo yote yanaingia kwenye mstari mmoja mwembamba, na hakuna jicho linaloweza kuyatenganisha.

Ni kweli kwamba katika wiki za mwanzo homoni huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu, na kwa hiyo mstari uliokuwa hafifu Jumatatu mara nyingi utakuwa umekolea Ijumaa. Ukweli huo ndio unaowafanya watu wadhani mstari ni mizani. Mizani ya kweli ni kipimo cha damu cha maabara, kinachotoa tarakimu. Kijiti cha mkojo kiliundwa kujibu ndiyo au hapana, na wekundu wake ukishafika kikomo haupandi tena hata homoni iongezeke mara mia. Aliyeona mstari hafifu ameshajibiwa na hana haja ya kununua kingine. Wa kurudia ni yule ambaye T haikutokea na hedhi bado haijaja: angoje siku mbili au tatu, apime kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Lipo kosa moja ambalo linaumiza kuliko mengine, nalo ni la saa. Maelekezo ya vipimo vingi husema jibu lisomwe kati ya dakika ya tatu na ya tano, na lisihesabiwe baada ya dakika kumi. Mkojo ukishakauka kwenye utando, pale palipopakwa kingamwili za T panaweza kuachwa na alama nyembamba ya kijivu, isiyo na rangi ya waridi. Mwanamke aliyepima jioni, akakitupa kijiti, kisha akakiokota asubuhi na kuona alama hiyo, anaweza kuanza kumhesabia miezi mtoto ambaye hayupo. Kwa aliyengoja mtoto miaka mingi, kuja kuambiwa wiki mbili baadaye kwamba ile ilikuwa alama ya ukavu ni maumivu ambayo sentensi moja kwenye karatasi ya maelekezo ingeyazuia. Mhudumu akifundisha, afundishe rangi na saa pamoja. Mstari wa mimba una rangi ile ile ya C hata ukiwa umepauka, na unatokea ungali umelowa. Usomwe kwa mwanga wa mchana, maana tochi ya simu huumeza waridi hafifu.

Kuna hali nyingine, ya nadra, ambayo kila muuguzi wa wajawazito anapaswa kuijua, kwa sababu inageuza fikra za watu kichwa chini. Mstari unaweza kufifia kwa sababu homoni imezidi. Hili hutokea hasa kwenye mimba zabibu, ambamo kondo hukua ovyo, mara nyingi bila mtoto, na kumwaga hCG nyingi kupita kiasi, na pengine kati ya wiki ya nane na ya kumi na moja ya mimba ya kawaida, homoni inapofika kileleni. Ni kama bandari ndogo ya Kashikishi ambayo nguzo zake zote zimeshafungwa mitumbwi mitupu: mitumbwi yenye shehena inafika, haina pa kujifunga, inapita. Nguzo za T zimejaa homoni isiyobeba dhahabu, na dhahabu inapita bila kukwama. Mwanamke mwenye kutapika kusiko na kipimo, anayetokwa damu, ambaye tumbo limekua kuliko miezi yake, kisha kijiti kikaonyesha mstari uliopauka au kisionyeshe kabisa, asirudishwe nyumbani kwa jibu la kijiti. Mkojo huo ukichanganywa na maji safi na kupimwa tena, mstari unaweza kuwaka. Anahitaji ultrasaundi na daktari.

Halafu kuna mstari unaotokea na kutoweka. Mwaka 1988 Allen Wilcox na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambao bado unasomwa. Waliwafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba, wakipima mkojo wao kila siku kwa vipimo vikali vya maabara. Asilimia 22 ya mimba zote zilizoanza ziliisha kabla mwanamke hajatambulika kuwa mjamzito. Zikijumlishwa na zile zilizoharibika baadaye, jumla ilikuwa asilimia 31. Hawakuwa wagonjwa, na wengi wao hawakujua kwamba kuna kilichoanza na kuisha.

Kijiti kikali cha siku hizi kinamwezesha mwanamke wa Nchelenge kuona kile ambacho bibi yake asingekiona kamwe: mstari hafifu leo, na hedhi nzito kidogo baada ya siku nne. Bibi angesema siku zimechelewa na maisha yangeendelea. Mjukuu anaanza kuulizwa alinyanyua nini, alikula nini, au nani katika ndoa ametoka nje. Mara nyingi chanzo ni hitilafu ndani ya yai lenyewe au mbegu, tangu siku ya kwanza, na hakuna ndoo ya maji wala beseni la samaki lililoileta. Hapa ndipo banachimbusa wanapohitajika kuliko mtu yeyote mwenye koti jeupe. Wao ndio wanaosikilizwa ndani ya nyumba, ndio wanaomfunda binti na kumtuliza mume. Barua hii inawaomba, kwa heshima, walibebe neno hili: mimba iliyoisha baada ya mstari hafifu haimtii mwanamke hatiani.

Hata hivyo mstari, uwe mwekundu au umepauka, hausemi mimba imekaa wapi. Mimba iliyotunga kwenye mrija, nje ya kizazi, nayo hutoa hCG na huleta mistari miwili. Mara nyingi homoni yake hupanda polepole, lakini wapo ambao mstari wao hukolea vizuri tu. Kwa hiyo mwenye mistari miwili akipata maumivu makali chini ya tumbo, hasa ya upande mmoja, au damu, kizunguzungu, maumivu ya bega, asikae kuhesabu wekundu. Aende hospitali saa ile ile. Kwa mtu wa Kashikishi, Hospitali ya Misheni ya St. Paul's iko karibu. Kwa mtu wa visiwa vya Kilwa au Chisenga kuna maji katikati, na upepo wa ziwa una saa zake. Ndiyo sababu ya kumwambia dalili hizi siku anayonunua kijiti, mtumbwi ukingali unaweza kutafutwa kwa utulivu.

Pengine ofisi itauliza: yote haya ya nini, ikiwa mwanamke ataona tumbo likikua na kuja kliniki? Jibu liko katika kazi iliyofanyika hapa hapa wilayani. Mwaka 2016 Enesia Banda Chaponda na wenzake walichapisha matokeo ya wajawazito zaidi ya 1,000 wa Nchelenge: takriban wanne kati ya kila kumi walikuwa na malaria na, wakati huo huo, maambukizi ya zinaa au ya njia ya uzazi ambayo yanatibika. Kila wiki ambayo mjamzito anachelewa kufika kliniki ni wiki ya magonjwa hayo kukaa naye na mtoto wake bila kuguswa, na watoto wengi huzaliwa na uzito mdogo kwa sababu hiyo. Vidonge vya SP vya kukinga malaria huanza baada ya miezi mitatu ya kwanza, na dozi hupangwa kwa kuhesabu wiki. Albendazole, dawa ya minyoo, haitolewi katika miezi hiyo ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka ziara ya kwanza ya kliniki ifanyike kabla wiki ya 12 kwisha. Mwanamke aliyeambiwa kwamba mstari hafifu hauhesabiki anaipoteza nafasi hiyo, na akiugua homa anaweza kumeza dawa bila yeye wala anayempa kujua kwamba wako wawili.

Kwenye dawa za homa, wanawake wa wilaya hii wana haki ya kusikilizwa mbele. Kati ya 2010 na 2013 wajawazito wa Nchelenge walishiriki katika majaribio makubwa ya dawa mseto za malaria, pamoja na wenzao wa Malawi, Ghana na Burkina Faso, na matokeo yakachapishwa 2016. Walikuwa na mimba ya zaidi ya miezi mitatu, kwa sababu wakati huo miezi ya mwanzo iliogopwa, na mgonjwa wa miezi hiyo alipewa kwinini. Ilikuwa Novemba 2022 ambapo WHO ilipendekeza dawa mseto ya artemether-lumefantrine itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza. Wanawake hawa wameipa dunia elimu. Karatasi ya maelekezo wanayoielewa si jambo kubwa kuwarudishia.

Umri wa mimba nao usisomwe kwenye rangi. Ziwani watu wana kalenda yao ambayo kliniki inaweza kuitumia vizuri zaidi: uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na wengi hukumbuka mambo kwa kufungwa na kufunguliwa huko. "Siku zako za mwisho uliziona lini, ziwa lilikuwa limefungwa au limefunguliwa?" Swali hilo, likifuatiwa na mengine mawili ya kukaribia, humfikisha muuguzi karibu na tarehe ya hedhi ya mwisho. Hakuna mstari utakaomfikisha hapo.

Basi maombi yenyewe. La kwanza kwa uzito ni lugha. Karatasi nyingi za maelekezo ndani ya pakiti zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Tangu mwanzo wa 2018 wilaya imewapokea maelfu ya Wakongomani katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wengi wao kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, na Kiswahili ndicho wanachokitumia sokoni na kliniki wanapokutana na wasio wa kabila lao. Ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo na Pweto, ni hicho hicho. Ukurasa mmoja wenye picha nne unatosha: C peke yake, C na T nyekundu, C na T iliyopauka, ikiwa na maneno yale yale ya ile ya pili, "una mimba", na T bila C, yenye neno "kimeharibika". Chini yake saa iliyochorwa na dalili za hatari. Kibemba upande mmoja, Kiswahili upande wa pili.

Na picha hizo zijaribiwe kwa watu kabla hazijachapishwa. Zambia imeshafanya hivyo. Vipimo vya kujipima VVU vilipoletwa, watafiti nchini humu na Malawi walikaa na watu wa kawaida mmoja mmoja, wakawapa maelekezo ya kiwanda, wakawatazama wanavyoyafuata na kuwauliza walichokielewa. Makosa yaliyoonekana, ambayo watafiti waliyachapisha mwaka 2019, yalisaidia kuyarekebisha maelekezo. Huo ulikuwa uungwana wa kisayansi, na hauhitaji bajeti ya Lusaka kuurudia kwa mama ishirini wa Mantapala na wengine ishirini wa Kashikishi.

Wenye maduka ya dawa wanaombwa jambo dogo: wasiuze kijiti kilichokwisha kutolewa kwenye pakiti yake, wakiweke mbali na bati la moto, na wasitoe umri wa mimba kwa kuangalia rangi. Mteja akirudi na mstari hafifu, asiuziwe cha pili. Aambiwe aende kliniki.

Kliniki nazo zimpokee. Mwongozo wa WHO kuhusu huduma za kujihudumia, katika toleo la 2022, unapendekeza kipimo cha mimba cha nyumbani kiwe njia mojawapo inayokubalika, juu ya kile cha kituoni. Aliyekuja na jibu lake asichukuliwe kuwa amekosa adabu. Kama muuguzi anataka kuhakikisha, apime palepale na kumwandikisha siku ile ile, bila kumtaka arudi tumbo likishaonekana. Kijiti kinamsaidia hata asiye na mimba. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika kliniki za uzazi wa mpango za Zambia na Ghana, kuhusu wanawake wanaonyimwa dawa za kupanga uzazi kwa sababu tu hawako kwenye hedhi na mhudumu anahofia huenda ni wajawazito. Kliniki zilipopewa vipimo vya bure, kule Ghana hali haikubadilika, lakini Zambia wanawake waliorudishwa mikono mitupu walipungua sana. Wanawake wa nchi hii wanahusika moja kwa moja na matokeo hayo, na ofisi inaweza kuyatumia kudai vijiti zaidi katika oda ya dawa ya wilaya.

Neno moja kuhusu mabinti wa shule. Jibu la kijiti ni mali ya mwenye mkojo. Tangu 1997 Zambia ina sera inayomrudisha darasani msichana aliyejifungua, na binti anayejua kwamba mstari wake utapitishwa mkono kwa mkono na walimu, wazazi na majirani atauficha hadi mwezi wa sita, ambao ni mwezi mbaya wa kuanza kliniki kwa mtu wa miaka kumi na sita. Mhudumu wa jamii anayempimia awe amefundwa kunyamaza kama anavyofundwa kwa VVU.

Mafunzo yenyewe si marefu. Mhudumu anayejua kusoma kipimo cha malaria anahitaji asubuhi moja: vijiti vichache, mkojo wa wajawazito wachache waliokubali, mwingine ukiwa umechanganywa na maji ili mstari upauke mbele ya macho yake, na saa ya ukutani. Aione T hafifu kwa macho yake na aandike "ndiyo" daftarini. Wakati unaofaa ni Desemba hadi Februari, ziwa likiwa limefungwa, wavuvi na wake zao wako majumbani, na wahudumu wa visiwani wanaweza kuja Nchelenge bila kupoteza siku ya soko. Karatasi za Kibemba na Kiswahili zikiwa tayari kufikia mwisho wa Novemba, kila mmoja ataondoka na fungu la kijiji chake.

Kwa heshima na matumaini,

Mwandishi